Kadi ya Hongera Iliyotangulia Mtoto

Mama alikuwa anaiitaga kompyuta ile dudu. "Dudu lako limeamka?" ananiuliza umeme ukirudi, na mimi namjibu kwa ukali kwamba halilali, linazimwa. Ukali wenyewe ulikuwa woga mtupu. Ofisi ya pamba niliyokuwa nachapa barua pale Musoma mjini ilikuwa imepata wenye mali wapya, na hao walikuja na kompyuta. Taipureta zetu zikarundikwa stoo. Tukaambiwa waziwazi kwamba baada ya Krismasi, mchapaji atakayeshindwa kompyuta akalime. Nikaomba moja iliyokuwa kuukuu pamoja na printa yake, nikaenda nayo nyumbani Buhare nijifunze wakati wa likizo.

Barua nilizichoka upesi, nikaangukia kadi. Karatasi moja nzito ukiikunja katikati unapata kadi ya kufungua kwenda juu, nzuri kabisa, kama za dukani. Ila ina kazi yake. Ukishachapa nje, unageuza karatasi uchape ndani, na usiigeuze kama ukurasa wa kitabu. Ncha ya chini ndiyo uipeleke juu. Ukikosea hapo, mtu anasoma vizuri nje, akifungua anakuta maneno ya ndani yamesimama kwa kichwa. Karatasi ngapi niliharibu, we acha tu.

Mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi, alikuwa ameolewa Mwitongo, kule Butiama, na mimba yake ilikuwa imetimia. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa hana uhai. Basi mimba hii tulikuwa tunaitazama kwa pembeni, hakuna wa kuitaja kwa sauti. Na kwetu mtoto aliye tumboni hatumwandalii kitu. Hununui nepi, huchagui jina, mpaka watu wasikie amelia. Mama alilishika hilo kuliko alivyoshika kwenda kanisani.

Mimi niliona ni ushamba. Umeme ulikuwa wa mgao, leo upo kesho haupo, na likizo ilikuwa inaisha, dudu lirudi ofisini. Nikasema nichape kabisa kadi ya hongera, ikae tayari. Kuna ubaya gani?

Mama alipotoka kwenda kununua furu, samaki wadogo wa ziwani, kwa ajili ya mchana, nikakaa kwenye mashine. Nje nikaandika HONGERA, nikazungushia nyota. Ndani nikaandika: Karibu mwanetu, mama yako mkubwa anakusubiri. Kwa haraka ya kumuwahi Mama, nikageuza karatasi kama kitabu. Printa ikalia weee, ikamaliza. Kufungua, maneno kichwa chini. Nikacheka peke yangu. "Mjinga wewe!" nikajiambia. Kabla sijaweka karatasi nyingine, umeme ukakatika, nami nikaificha ile kadi chini ya godoro.

Kesho yake mchana akaja shemeji, mume wa mdogo wangu, juu ya baiskeli ya kuazima, shati limemganda mgongoni. Hata salamu hakumaliza.

"Mama, tumemleta hapa hospitali ya mjini tangu alfajiri. Mtoto kageuka. Kichwa kiko juu, miguu ndiyo iko chini. Nesi anasema tuombe Mungu."

Mama mkwe wa mdogo wangu ndiye alikuwa naye, na wauguzi hawakutaka mtu wa pili. Shemeji akachukua khanga mbili na chupa ya uji, akarudi mbio. Mimi nilibaki nimeshika mlango. Nikakaa chini palepale kwenye sakafu. Kichwani nilikuwa na neno moja tu: nimemgeuza. Mimi na haraka yangu tumemgeuza mtoto wa watu.

"Una nini?" Mama akauliza.

Nikaenda kuitoa kadi, nikamwambia yote. Mama hakujua kusoma, lakini aliifungua, akaona nyota za nje zimekaa sawa na maandishi ya ndani yamepinduka. Nilisubiri anitukane. Hakunitukana, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Naichoma sasa hivi," nikasema.

"Unamchoma nani? Si umeandika mtoto humo?"

"Basi niichane."

"Thubutu!"

Akailaza kitandani, polepole, akaifunika na khanga mpaka nusu. Kisha akanigeukia. "Washa dudu. Mgeuze."

"Mama, umeme hakuna."

Tukakaa pande mbili za kitanda tunatazama balbu. Mimi, mwenye cheti cha uchapaji ukutani, nilikuwa naiomba balbu iwake. Nilikuwa nanong'ona, Mungu nisamehe, nilikuwa najifunza tu, sikuwa na nia mbaya, usimchukue mdogo wangu kwa ajili ya karatasi. Kila baiskeli ilipopita barabarani, nilichungulia mlangoni. Furu wa jana walibaki kwenye sufuria, hakuna aliyewagusa.

Jua lilikuwa limeinama shemeji aliporudi. Hakushuka vizuri, baiskeli ilianguka na yeye akaiacha hapo. Nikaziba masikio.

Nilichoona kwanza ni mdomo wa Mama ukipiga vigelegele. Mtoto alikuwa ametoka kwa miguu, wa kike, amelia. Mama yake amechanika na amepoteza damu, lakini yupo, ameomba maji. Balbu haikuwaka siku ile mpaka tukalala.

Mama alinipiga kofi la bega lililonibakia wiki nzima. Kadi akaitia kwenye sanduku lake, na hatukuitajaga tena. Kazini sikufukuzwa. Baadaye nikanunua kompyuta ya mtumba, nikawa nawachapia watu kadi za Krismasi na za Idi, na kugeuza karatasi nikawa nakujua hata nikifumba macho. Ila za hongera ya mtoto nilikuwa nauliza kwanza kama amelia.

Mdogo wangu akashika mimba nyingine. Ilipokaribia, Mama akaingia chumbani kwangu, akafunga mlango, akatoa ile kadi ya zamani kwenye khanga.

"Chapa kama hii."

"Mama! Wewe wa kuniambia hivyo? Kabla hajazaliwa?"

"Kama hii. Na ukosee palepale. Yule si alilia?"

Sikubishana. Sikucheka pia. Nikachapa nje, HONGERA na nyota zake, nikatoa karatasi. Mikono yangu ilikuwa imeshazoea kuigeuza inavyotakiwa, ikaanza kuigeuza hivyohivyo yenyewe. Mama akanidaka kiganja. Tukaishika ile karatasi sisi wawili, tukaigeuza kama kitabu.