Kifuniko Népomucène Alijibu «Présent»

Najua mutasema: "Uyu binti tena!" Na muko na haki. Ku shule njo mimi nilimuambia préfet, mukubwa wa shule, kwamba mbuzi ya pasteri ilikula cahier yangu ya hesabu. Lakini hii ya leo sikuitunga. Niliiona na macho yangu mbili, nilisema nayo, na mpaka sasa iko inanisumbua. Kama munataka kucheka, chekeni kwanza, mumalize, njo nianze.

Mumemaliza? Sawa.

Tonton wangu, mwenye kunilea, ni chef de convoi, mukubwa wa musafara wa gari. Miaka ya vita, wenye gari wa Bunia walijifunza kutembea pamoja, gari nyuma ya gari, juu peke yako haungefika. Sasa tuko na amani, hii amani yenye kulalaka jicho moja wazi, na wale wazee walishindwa kuachana. Wakafanya chama. Zamani walitembea pamoja juu ya woga. Sasa wanatembea pamoja juu ya brochette, nyama ya kuchoma ku kijiti. Mwisho wa juma, samedi, wanapakia godoro mu camion na mu taxi-bus, wanaenda kulala pahali, dimanche wanarudi.

Mara ile tulienda barabara ya Kasenyi, kule mulima inakatika na unaona ziwa chini kabisa, kwa muzee mumoja mwenye kuchunga ndege wa kuwinda: tai, mwewe, kipanga, wenye kuvunjika bawa, wenye kupigwa jiwe na watoto. Bundi pia. Tantine wangu, bibi ya tonton, kuona bundi, akaanza kukemea mashetani. Bundi akafunga macho, akalala.

Convoi iko na sheria moja: appel. Magharibi na asubuhi, tonton anasoma liste, macho ku karatasi, hatazami mutu. Ni desturi ya wakati ile: hakuna taa, hakuna maneno mingi, ni sauti tu. Jina ikijibu, anaweka alama. Isipojibu, convoi haiondoke. Na mutu ambaye haiko ku liste, haiko mu convoi.

Juu niko na mwandiko muzuri, nilipewa kunakili liste. Nikafikiri: tonton, mutu asiyecheka hata ku harusi, atasoma namna gani jina ya kijinga? Pahali pa jina yangu nikaandika: Kifuniko Népomucène. Mupango ilikuwa nijibu «présent», ni kusema niko hapa, na sauti munene kama ya muzee, watu wafe na kicheko, nipigwe kofi moja, iishe.

Jua ilikuwa imezama sasa hivi. Tonton akasoma: "Kifuniko Népomucène."

Nikavuta pumzi.

"Présent."

Haikuwa mimi! Muniamini, mudomo yangu ilikuwa ingali wazi. Sauti ilitoka nyuma ya camion ya mwisho, tulivu, sawa ya mutu aliyengoja ile jina tangu kuzaliwa. Tonton akaweka alama. Hakuna aliyecheka. Liste ikaisha, na mimi sikuitwa.

Mutu wa akili angefanya nini? Angekimbia. Mimi nikaenda kuangalia. Nilimukuta ameketi ku moto ya tantine, koti ya rangi ya majani makavu, mukono mu sahani yangu. Alikula nyama, bugali hakuigusa. Akageuza kichwa kuniangalia, kichwa tu. Mabega yalibaki pale pale. Na hakupepesa macho. Nilijaribu kushindana naye mpaka machozi ikanitoka.

"Papa, weye ni nani?"

"Si weye njo uliniandika?" akasema polepole. "Sikuwa na jina. Hii iko muzuri. Aksanti."

"Unatoka wapi?"

Akaonyesha na kidevu kule mulima inakatika. "Kesho naenda Bunia. Kule iko panya?"

"Panya? Kwetu Mbunya, mule mule Bunia, panya wanaketi banc ya mbele ku kanisa!"

Akafunga macho na furaha. Munaona? Tulikuwa tunasikilizana. Nilikuwa na maswali mia: mvua ikinyesha analala wapi, chini ya ile koti kuko nini. Njo tantine akanigeukia.

"Mutoto, acha Papa Népomucène akule. Weye uko wa nani? Rudi kwa wazazi wako, watakutafuta."

Nilicheka. Tantine hakucheka. Binamu yangu mudogo, mwenye kulalaka ku mugongo yangu, alikuwa ku magoti ya ule mutu, anachezea vifungo vya koti. Nikamuambia, "Petit, ni mimi, yaya yako, dada yako mukubwa." Akaficha uso.

Nikakimbia kwa tonton. "Tonton, liste iko na makosa!"

"Jina yako?"

Nikaitaja. Akapitisha kidole toka juu mpaka chini. "Haiko."

"Tonton, ni mimi!"

Akaniangalia na heshima, sawa tunavyoangaliaka mutu mwenye kuuzisha mayai ku barrière ya barabara. "Mama, convoi yako itakuja. Ngoja yako."

Pale baridi ikaniingia. Kesho asubuhi tonton ataita, ule atajibu, gari zitaondoka, na mimi nitabaki ku mulima, mutu asiye wa mutu.

Muzee wa ndege alikuwa anaosha ndoo ya nyama. Yeye alinijua mara moja. "Wale wanajua watu ku karatasi," akasema. "Mimi niko na macho." Nikamuelezea yote. Hakucheka hata yeye.

"Uliita na mukono mutupu. Mimi nikiita ndege, nyama iko mu mukono. Ukimuita bure, atakamata kile anakuta. Amekuta kiti yako."

"Nimufukuze?"

"Mugeni uliyemuita mwenyewe, utamufukuza na uso gani? Umuombe."

Sikulala. Mbele ya jua kutoka nilimukuta juu ya taxi-bus yetu, miguu pamoja, anaangalia barabara ya Bunia.

"Papa Népomucène, jina ubakie nayo. Kiti ni yangu. Unirudishie."

"Na mimi, nani ataniita tena?"

Nilitafuta kichekesho, nikakiacha.

"Mimi. Kila magharibi."

"Na mukono mutupu?"

"Na nyama."

Akainamisha kichwa upande moja.

Appel ikaanza. "Kifuniko Népomucène." Kimya. Nilimuona kati ya gari mbili, koo inapanda, inashuka. Neno ilikuwa pale. Akaimeza. Tonton akaita tena. Kimya. Motere za gari zikazimwa moja moja, juu convoi haiachake mutu. Ikabidi niende mbele ya wote.

"Tonton, jina ile niliitunga. Nafasi ile ni yangu."

Tonton akainua macho, yeye ambaye haangaliake mutu ku appel! Akakata mustari, akaandika jina yangu, na kofi ikafika, tena mbili. Sijawahi kufurahia kofi namna ile. Tantine alikuwa analia: "Ulikuwa wapi tangu jana, weye mutoto?" Nilipogeuka, kati ya gari mbili hakukuwa na mutu.

Munafikiri iliisha? Tangu siku ile, kila magharibi, kitu kizito kinatua ku tôle, mabati ya nyumba yetu. Natoka, naita jina nzima, narusha nyama. Majirani wanasema niko na kichaa. Pasteri amekuja mara mbili. Mara nyingine mimi na Papa Népomucène tunaongea. Nilimuuliza chini ya koti kuko nini. Akasema, "Baridi." Ningali nafikiria ile jibu.

Lakini siku moja nilichelewa juu ya examen. Nilipopiga hodi, tantine akafungua, akatabasamu vizuri sana. "Karibu, mama. Unamutafuta nani?"

Nilikimbia nyuma ya nyumba, nikaita mpaka sauti ikakatika. Alipotua tu, nikasikia tantine ananifokea ndani juu ya kuchelewa. Sijachelewa tena.

Kwa hiyo, weye unayesoma: mutu asiyekuwako, usimutungie jina juu ya kicheko. Na siku watakupa liste unakili, andika yako kwanza.