Dashibodi ya Uji wa Muhogo

Fundi wa mabodi ya magari pale Makutano aliapa hatagusa resini ya faiba tena, ile gundi ya sumu, kifua kimekataa. Siku hizi anaziba nyufa na gunia na uji mzito wa muhogo, na kila sufuria lazima aionje, kama mama wa hoteli. Dashibodi ya gari ya mteja wake Mwongera aliiziba hivyo, ufundi wa kutisha mainjinia, akaianika juani. Mwongera kuja kuichukua, akapata mbuzi anatafuna kiraka.

"Fundi! Mbuzi anakula gari yangu!"

"Na ameanguka? Ingekuwa resini, mzee, saa hii tungekuwa tunamchuna."

"Basi rudia na resini, ama niipeleke kwingine."

Fundi akashika kifua. Halafu akarudisha sufuria kwa jiko, akamwaga pilipili ya kufukuza mbuzi. Akaonja, kama kawaida yake. Akakohoa mpaka mbuzi akatoroka.