Masizi Juu ya Barafu ya Bibi

Juzi nilirudi nyumbani Mshangano, nikaingia jikoni kwa dada yangu. Jiko la gesi, dari nyeupe kama ya zahanati. Nilitazama juu nikitafuta masizi, dada akanicheka, maana alijua nimekumbuka nini.

Enzi zetu jiko lilikuwa la bibi, kibanda cheusi tii nyuma ya nyumba. Juu ya mafiga alining'iniza mahindi ya mbegu, na moshi uliyapaka masizi hata wadudu dumuzi hawakuyagusa. Masizi yanatunza, alizoea kutuambia. Basi mimi nikaamini yanatunza kila kitu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa na bidhaa zimejaa madukani, na jirani yetu mfanyabiashara kutoka Tunduru akaleta friza, ya kwanza mtaani. Mchana mmoja akatupatia, mimi na dada, kipande cha barafu kila mmoja. Bibi hakuwahi kuonja barafu maishani mwake, na alikuwa shambani akipalilia. Nikaapa kwamba ataonja ya kwangu kwanza.

Tukavitia vipande vyetu kwenye mabakuli, tukayaweka nje, maana jikoni kulikuwa na moto. Halafu mimi, kwa ujanja wangu, nikakwangua masizi ukutani nikainyunyizia barafu yangu mpaka ikawa nyeusi. Dada aliiacha yake hivyo hivyo. Nilimwonea huruma kwelikweli.

Jua likawaka, bibi akachelewa. Nilipochungulia bakuli langu nikakuta maji meusi tu, na la dada bado lina kipande. Nililia hadi bibi akanisikia tangu njiani.

Tulimwamkia, shikamoo yangu ikiwa na kamasi. Dada akampa kilichobaki, kidogo kama haragwe. Bibi akakitia mdomoni, akafumba macho, akatabasamu na meno yake machache. Nilipomweleza nilichofanya, akacheka mpaka akakaa chini.

"Masizi yanatunza mbegu, mjukuu wangu. Hii wala si mbegu."

Kesho yake mwalimu wetu alitueleza kuwa cheupe hurudisha jua, cheusi hulimeza. Siku hizi nasoma kwamba masizi ya mioto na malori husafiri mbali, yakatua kwenye theluji ya milimani, ikayeyuka upesi, na dunia ikazidi kupata joto. Kila nikisoma hayo nacheka kwanza, kisha nayakumbuka yale maji meusi bakulini.

Bibi alishatangulia, na kibanda kilibomolewa. Mbegu yake dada anaipanda bado. Nami nashukuru mpaka leo kwamba siku ile kulikuwa na bakuli la pili.