Mmea wa Crispulo

Crispulo Gelvezon aliendesha basi la chuo chetu hapa mjini Iloilo kwa miaka thelathini na moja. Tangu astaafu, hajakosa kifungua kinywa cha wastaafu cha kila mwezi, tunapokula wali wa nazi na kupeana habari: nani kapata mjukuu, nani kapasuliwa goti.

Mwezi uliopita Profesa Tupas, aliyefundisha elimu ya mimea, alisimama na karatasi mkononi.

"Mnakumbuka tairi lilivyopasuka kule mlimani?"

"Mimi niliyejaa tope nakumbuka," Crispulo akajibu.

"Ukiwa chini ya basi uliniita, ukasema, 'Profesa, jani hili lina manyoya mekundu, umewahi kuliona?' Sikuwahi, wala mtaalamu yeyote. Nimelichunguza miaka tisa, na sasa wataalamu wamekubali kuwa ni mmea mpya. Nimeupa jina lako, Kaka Pulo."

Crispulo alitua kikombe, akatutazama mmoja mmoja akimtafuta aliyepanga mzaha huo. Hakumwona.

Mkewe Nenita, mpishi wetu wa zamani, akauliza, "Ua lake linanukia?"

"Halina harufu yoyote," alisema Profesa.

"Basi hawajafanana. Huyu ananuka dizeli hadi leo."

Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Crispulo aliiomba ile karatasi, akalisoma jina lake herufi kwa herufi, huku machozi yakimtiririka na meno yote nje.

Jumamosi iliyofuata tulikodi basi dogo, tukapanda mlimani kwenda kuuona mmea huo. Usukani, Crispulo hakumwachia mtu.