Chembe Zisizobisha Hodi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, mwaka ule bei ya unga ilipopanda hata Kibera nzima ikala madondo, maharagwe matupu, asubuhi na jioni. Mjukuu wangu Atieno alikuwa ameanza kufundisha sayansi, na kuongoza klabu ya sayansi, kwenye shule ndogo huku Kianda. Akawaambia watoto kuna chembe zinatoka juu angani, zinapenya mabati, zinapenya mwili, na hazibishi hodi. Mwalimu mkuu akamwambia, "Waonyeshe Ijumaa. Wasipoona, hiyo klabu yako naifunga."

Ijumaa nikaacha meza yangu ya omena, vile visamaki vya ziwani ninavyouza hapo Kisumu Ndogo, nikaenda. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini macho ninayo.

Madirisha yamezibwa kwa blanketi. Mezani kuna chupa pana ya kioo juu ya barafu kavu, ile ya wauza aiskrimu, na ndani kitambaa kimelowa spiriti. Atieno akamulika tochi. "Chembe yenyewe hamtaiona. Ikipita itaacha uzi wa ukungu." Tukatazama. Hakuna kitu. Barafu inaisha.

"Madam, hizo chembe zimeshikwa na jam?" mvulana mmoja akauliza. Wakacheka mpaka benchi likalia. Atieno naye akacheka, lakini hakuiondoa tochi kwenye chupa.

Mwalimu mkuu akaniinamia. "Shosh, twende tunywe chai."

"Sitoki hapa mpaka nione."

Maneno hayo si yangu. Nikiwa msichana kule ziwani, niliona vumbi likicheza kwenye mwale wa jua uliopenya paa. Nikamwita nyanya yangu aje aone. Shangazi akafoka kwamba nyumba haijafagiwa na samaki wanaoza. Nyanya akaketi kando yangu, mguu wake mbovu ameunyoosha, akasema maneno hayo hayo, akatazama mpaka jua likahama. Tangu siku hiyo, shule au hakuna shule, sijawahi kujiona mjinga.

Basi nikakaa. Yule mvulana aliyekuwa ameshasimama akaona nimekaa, akakaa. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Siku hiyo tulikula kwa macho. Ukapita uzi mweupe, mwembamba kuliko mwiba wa omena, ukafifia. Halafu mwingine.

"Woi," yule mvulana akasema polepole. "Na kwangu zinapita?"

"Kwako, na kwa Shosh pia," Atieno akajibu.

Mwalimu mkuu akasahau chai. Klabu ipo mpaka leo. Namshukuru Mungu uzee haukunipofusha kabla ya Ijumaa ile.

Mwanangu, usione wembamba wa reli, garimoshi hupita. Na reli yenyewe iko hapa kwetu, unaijua. Mtoto akikuita uone kitu, hata kiwe kidogo namna gani, hata kama umebeba ndoo ya maji, iweke chini ukae naye. Mungu akupe macho yasiyochoka, na mtu wa kuketi kando yako.

Sasa Atieno anasema ziko chembe nyingine ambazo dunia nzima haijaziona bado, na anataka kuzitafuta. Wanangu nao wananiambia nimezeeka, nirudi ushago, kule kijijini ziwani, nikapumzike. Nawajibu:

"Sitoki hapa mpaka nione."