Siku Nilipoelea Mbele ya Wakwe

Sipendi kuisimulia habari hii, na mke wangu akinisikia naianza huwa anatoka chumbani akicheka kabla sijafika mbali, lakini leo mmenibana, basi sikilizeni aibu yangu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mimi fundi cherehani pale Nakuru, masharubu machache na maringo mengi. Nilikuwa nimempenda Zuhura (alikuja kumtembelea shangazi yake mjini, nikamshonea gauni, na gauni lenyewe nikalichelewesha makusudi ili aje kuliulizia), na kwao ni kijiji kidogo kando ya ziwa, huko Naivasha. Mjomba wangu Omari akakubali kuwa mshenga, tukapanda treni. Kwetu mwenye kuposa haisogelei nyumba ya wakwe siku ya posa, mshenga ndiye anayesema, kwa hiyo mjomba akaniacha kwenye hoteli ya chai.

"Wewe kaa hapa," akaniambia. "Usionekane mpaka nikuite."

Nikakaa. Lakini kijiji kile, jamani! Hakuna aliyekuwa na haraka. Kuku walilala katikati ya njia na watu wakawazunguka, na mwenye hoteli alisahau chai yangu akimsikiliza jirani. Nikaona nami nitembee polepole, mikono nyuma kama tajiri, mpaka ziwani. Ukingoni mafunjo yalikuwa yamesongamana na kulaliana, nikayakanyaga yakanibeba, nikasema hapa ndipo pa kukaa, niitazame nyumba ya kina Zuhura bila mtu kuniona. (Huo ndio uamuzi wenyewe. Mdogo tu.)

Mimi mtu wa mjini, ningejuaje kwamba mafunjo ya ziwa lile hayashiki ardhi, na upepo wa alasiri ukivuma yanakatika na kwenda zake? Nilipogeuka, nchi kavu ilikuwa imeshaniacha, na kuogelea sijui.

Ningepiga kelele pale pale yangeisha. Lakini kelele zingeharibu posa, na Zuhura nilimtaka kweli. Nikaapa sifungui mdomo hata kiboko aje. Nikaketi wima, nikanyoosha kanzu, nikaiweka kofia sawa, nikajifanya mtu aliyeipanga safari ile tangu Nakuru. Na kile kisiwa cha mafunjo, kwa ukorofi wake, kikanipeleka moja kwa moja mbele ya baraza ya Mzee Juma, baba yake Zuhura, aliyekuwa akinywa kahawa na mjomba. Sauti zao zilikuja juu ya maji wazi kabisa.

"Kijana wangu mtulivu sana," mjomba alikuwa akisema. "Ukimwambia kaa hapa, hatoki."

Mzee Juma akainua macho. "Na yule kule majini ni nani?"

Mjomba akageuka. Tulitazamana, wallahi, macho kwa macho.

"Yule? Simjui."

Niliumia, jamani. Niliumia hata nikasahau maji. Na hapo hapo kiboko akatoa kichwa karibu yangu akapumua kwa kishindo, kiapo changu kikaishia hapo, nikapiga yowe lililowatoa watu majumbani: "Mjomba Omari! Mjomba, nakufa!"

Siku hiyo kijiji kile kilikimbia. Mzee Juma mwenyewe alisukuma mtumbwi, akanifikia, akaniburuta ndani kwa ukosi wa kanzu. Nikashuka ufukweni nimelowa, kiatu kimoja, watoto wanashangilia, na Zuhura mlangoni ameziba mdomo kwa leso. Nikasema liwalo na liwe.

"Mzee, mimi ndiye ninayemposa binti yako. Na bado namtaka."

Mzee Juma aliegemeza kafi ukutani. Alimgeukia mjomba.

"Huyu ni mtoto wa dada yako, yuko majini, nawe unasema humjui. Mimi nikipata shida kesho, utanijua?" Mjomba akatazama chini. "Posa hii sijaisikia. Kijana, tafuta mwingine wa kukusemea, kisha urudi."

Nilirudi na mamangu mzazi akinisemea, nikampata Zuhura. Mjomba alikuja harusini, nami, Mungu anisamehe, nilimjazia sahani ya pilau bila kumsemesha. Tangu hapo nimeapa: nikipatwa na shida nitapiga kelele mapema, wakwe wawepo wasiwepo, nijue ni nani atakayesema ananijua.