Keki za Cicily na Gari la Kiirua

Cicily alioka keki za harusi pale Runyenjes, nyuma ya duka la mbolea la mumewe, Njiru. Huku juu kwenye majani chai hakuna aliyewahi kumlaumu. Lawama zilitoka kule chini. Harusi za Mbeere hufanywa jua likiwa utosini, na kila alipoteremka Siakago, krimu ililegea njiani. Safari moja ghorofa ya juu ya keki iliteleza ikaegemea ya chini, na mchungaji, akidhani ndio mtindo mpya wa mjini, akaisifu mbele ya watu wote. Cicily hakuzifurahia sifa hizo.

Ndipo akanunua gari lenye AC. Lilikuwa stesheni wagoni kuukuu la kijivu, mali ya mwalimu mstaafu wa Kiirua aliyeitwa Kiambi. Siku ya kuliuza, mwalimu alilizunguka taratibu, akaipapasa boneti, akasema, "AC yake ni nzima. Sijaitumia hata siku moja."

Asiyeijua Kiirua angeshuku. Cicily, ambaye alikuwa akitetemeka kwa baridi tangu ashuke kwenye basi, hakuona sababu ya kumtilia mzee shaka.

Harusi iliyofuata aliiweka keki kwenye kiti cha nyuma, akashika njia ya Siakago. Jua lilipoanza kuuma alibonyeza kitufe. Taa ikawaka. Upepo ukaja, mwingi, wa moto. Cicily aliyajua matanuri, na huu ulikuwa upepo ambao angeweza kuukaushia mkate. Akashusha vioo vyote, akakanyaga mafuta, akafika na keki ambayo mawaridi yake ya krimu yalikuwa yamegeuka kabichi.

Jumatatu yeye na Njiru walilipeleka gari kwa fundi Ndwiga, mjini Embu. Ndwiga alitoa hukumu kabla ya kufungua boneti.

"Gesi imeisha, mama."

Akapima. Gesi ilikuwepo. Akaushika mkanda, ulikuwa umekaza. Akamwambia Cicily awashe AC, na kompresa ikalia tak, ikazunguka bila kinyongo. Basi akachomoa kichujio cha hewa nyuma ya dashibodi, na pamoja nacho yakaja majani makavu, maganda ya njugu na kiota cha panya aliyekwisha kuhama. Akasafisha vyote, wakawasha tena.

"Sasa linapuliza joto kwa nguvu zaidi," Cicily akasema.

"Hiyo ni maendeleo," Ndwiga akajibu.

Kilichowashinda kuelewa ni bomba moja jembamba linaloingia ndani ya gari. Lilikuwa baridi, linatoka jasho kama chupa ya soda. Ndwiga alimshikisha Cicily, kisha akamshikisha Njiru.

"Baridi inaingia, mnaona wenyewe. Huko ndani sijui inafanywa nini."

Njiru, akijipangusa mkono, akasema, "Muulize aliyekuuzia." Cicily akatoa simu. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia Mwalimu Kiambi, na alikuwa ameyapanga vizuri.

"Habari ya huko, Mwalimu?"

"Njema, mama. Ni baridi tu. Gari linakubeba?"

"Linanibeba. Lakini AC inatoa moto."

"Moto?" Sauti ya mzee ikachangamka. "Kwa hivyo moto bado unakuja vizuri?"

"Unakuja vizuri sana, Mwalimu. Hilo ndilo tatizo."

"Basi hiyo si AC, ni hita. Ile koki inayopeleka maji moto ya injini kwenye hita ilikuwa inajifunga yenyewe, unafika Meru magoti yameganda. Nikaishikilia kwa waya, ikae wazi. Na siku ile ulipokuja nilikuongezea waya wa pili, maana nilikuona ukitetemeka, na Runyenjes ni mbali."

Cicily alikuwa amepiga simu kugomba, na kumbe alikuwa amehurumiwa.

"Asante, Mwalimu," akasema.

"Ukiona moto umepungua, nipigie. Nitakueleza namna ya kuukaza."

Ndwiga alipenyeza mkono nyuma ya injini, zinapopita paipu za maji, akaikuta koki imezungushiwa waya kama lango la zizi. Upepo ulikuwa ukipozwa vizuri kabisa, halafu ukipitishwa kwenye paipu za maji yaliyotoka kuchemka. Akakata nyaya zote mbili, akaweka koki nyingine. Hawakuwa wamefika mbali kutoka gereji wakati Njiru alipoomba koti lake.

Jumamosi hiyo keki ilifika Siakago imesimama wima, mawaridi yakiwa mawaridi. Lakini hotuba zilikuwa ndefu, na meza ya keki ilikuwa juani. Cicily akaamua keki ingoje ndani ya gari, injini ikinguruma. Cucu, nyanya yake bibi harusi, aliyevaa sweta kwa heshima ya siku hiyo, akaomba aione. Akaingia, akaketi kando ya keki.

"Funga mlango, mwanangu," akasema. "Baridi inatoka."

Keki ilipoitwa, vijana walikuja kuichukua. Cucu akaisogeza kwao kwa uangalifu. Yeye hakusogea.

"Pelekeni. Mimi nitaletewa hapa."

Cicily alimpelekea mwenyewe, wali, nyama na kipande cha keki juu yake. Cucu alishusha kioo kiasi cha sahani kupita, akaipokea, akashukuru, akakipandisha.